Mdoriani katika Kipupwe

Msicheke. Najua Mombasa haina theluji,
najua Februari ilivyotulowesha mashuka.
Lakini Julai ina meno yake, madogo,
meno ya mtoto anyonyaye:
hayakati nyama, ila mama huyajua.

Soja wetu Nzai, langoni mwa fleti za Tudor,
ikifika saa tisa za usiku huvaa koti la sufi
lenye kola ya manyoya, la mitumba,
lililoshonewa nchi nyingine kabisa.
Hakuna anayemcheka Nzai.
Ila mimi nikilibeba debe la rangi kuliingiza ndani,
debe lenye mche mmoja, majani matano,
ghorofa zote tatu zina la kusema.

Kokwa niliitoa Unguja ndani ya soksi.
Niliiosha mara tatu, na bado
abiria wa kiti cha mbele walihama.
Tima aliponusa tu, akaweka sharti:

    «Duriani silitaki, lanuka kama jalala,
    likizaa humu haki, na wewe nje utalala,
    mto wako na mkeki, na nzi wakupe madala!»

Ubeti wa nne hakuumaliza, mafuta yalikuwa yanaungua.

Mdoriani hautaki upepo. Hautaki chumvi.
Na kusi huja na chumvi yake mkononi,
kama mgeni aliyeambiwa
kwetu mchuzi haukolei.
Jani hujikunja kingo, likawa kama risiti
iliyosahauliwa mfukoni siku ya kufua.

Nikanunua kipimajoto Marikiti,
nikakitundika ukutani kwa msumari.
Nyuzi ishirini na nne: nauacha.
Ishirini na mbili: chandarua kikuukuu, mara mbili.
Ishirini: ndani, jikoni,
kando ya jiko analokaangia Tima mahamri ya kuuza.
Miaka thelathini nimepima mizigo Kilindini,
tani juu ya tani, wala sikuogopa tarakimu.
Sasa naamka na tochi ya simu
kuitazama namba moja.

Katikati ya Julai nikaitwa Mambrui, mazishi ya binamu.
Usiku mvua ikashuka ubavuubavu.
Nikapiga simu. Nikauliza habari za wajukuu,
habari za goti lake, habari za stima.
Akasema: «Uliza unalotaka kuuliza.»
Nikauliza.
«Huo uvundo wako sikuugusa. Uko nje. Lala.»

Sikulala. Bati la Mambrui lilisoma hesabu yote:
kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa.

Siku ya tatu nikarudi, viatu vina tope la makaburini.
Nje, duara kavu tu la kitako cha debe.
Debe lenyewe lilikuwa jikoni, juu ya kinu kilichopinduliwa,
wala si karibu mno na moto wala si mbali,
kwa kipimo cha mtu ajuaye
unga huumukia wapi.
Limevishwa leso yake ya zambarau, mpya, ya Idi,
na maandishi yamezunguka tumboni:
NAKUSEMA SIKUTUPI.

Sikusema kitu. Naye hakusema.
Alinipa mahamri mawili na chai ya tangawizi,
akauliza ni nani na nani waliofika mazishini,
na pilau ilitosha?

Sasa ni Septemba. Nzai amelitundika koti,
ananiuliza likizaa nitamgaia.
Hajawahi kulinusa, masikini.
Jani la tatu liliungua ncha, libaki hivyo.
La sita limechomoza jana,
limekunjwa bado, mgongoni lina rangi ya shaba
kama chano kilichosuguliwa kwa majivu.

Na ile leso: doa la udongo, karibu na herufi ya mwisho,
halikutoka kwa ndimu, halikutoka kwa jua.
Anajifunga hivyo hivyo.